Utepe Mwekundu

Jumapili kliniki haina mgonjwa.
Upanga kumetulia. Ni mimi, ndoo nne,
mpira wa futi kumi,
na tangi la Daktari Jivraj, lita mia tatu na arobaini,
linalotazamwa na watu wanaosubiri kung'olewa.

Utepe mwekundu nimeubandika kwenye kioo,
vidole viwili juu ya tumbawe refu kuliko yote.
Maji yakishuka hapo nabana mpira,
hata ndoo isipojaa, hata simu ikiita,
hata kama anayepiga ni mama.

Nilijifunza kwa kuua.
Mwaka juzi sikuwa na utepe, nilikuwa na haraka.
Niliacha maji yanashuka, nikaenda kunywa soda
mapokezi kwa Skolastika. Tulicheka kidogo,
na feni ikizunguka juu ya tangi muda wote huo.
Niliporudi, lile la zambarau lilikuwa nje, linatoka ute
kama mtoto mwenye mafua.
Jumatano likawa jeupe.
Daktari hakunigombeza. Alilikausha,
akaliweka mezani kando ya meno ya mfano,
na wagonjwa wakawa wanauliza:
hili nalo ni jino la nani?

Tangu hapo feni naizima.
Chumvi naikoroga usiku wa kuamkia,
joto nalipima kwa kipimo, kisha kwa kiwiko,
na siyatoi maji ya zamani kabla mapya hayajawa tayari.
Humvui mtu nguo
wakati nyingine ipo kwa dobi.

Lakini leo ndoo imepasuka kitako.
Maji yalikimbilia waya wa eksirei, nami nikayakimbilia,
na mpira nyuma yangu ukaendelea kunyonya
kama hakuna lililotokea.
Nilipogeuka, utepe ulikuwa juu, peke yake,
na lile refu limetoa kichwa hewani,
linang'aa.

Mapya yako kwenye pipa, chini, ghorofa mbili.
Pampu ipo. Umeme haupo.
Nikamwita Masunga mlinzi alete kwa ndoo,
nikachukua kikombe cha kusukutulia,
nikateka humo humo tangini, nikamwagia.
Nikateka. Nikamwagia.
Kitambaa cha kifuani cha wagonjwa nikakilowesha,
nikalifunika lile la pembeni
nisiloweza kulifikia kwa mkono wa pili.

Masunga akatua ndoo, anahema:
"Pazi, hilo si jiwe? Jiwe linakufaje?"

Sikumjibu. Nilikuwa namhesabia babu.
Kondo, baba wa baba yangu, wa Kunduchi,
aliyavunja haya kwa mtaimbo bahari ikipwa,
akayapanga juu ya magogo, akayachoma siku tatu,
na chokaa yake ikapaka kuta nilizozaliwa ndani yake.
Zilikuwa nyeupe, nzuri. Sisemi hazikuwa nzuri.
Yeye ndiye aliyeniambia kwamba bamvua likifika
hata yaliyo hai hubaki nje juani
na kuvumilia, kwa sababu maji
hayajawahi kukosa kurudi.

Humu ndani maji hayarudi yenyewe.
Humu bamvua ni mpira niliousahau,
na kujaa ni Masunga, ngazi thelathini na nane,
anatukana taratibu kwa Kisukuma.

Niliweka sahani chini ili ndoo isichimbe mchanga.
Tulimimina polepole. Kichwa kikazama.
Utepe ukagusa maji, ukapitwa.
Kitambaa nikakiondoa mwisho,
kwa ncha za vidole, kama bandeji.

Saa tisa umeme ulirudi. Taa ya buluu ikawaka.
Kila kidole kidogo kilikuwa bado kimejikunja ndani.
Masunga akainama hadi pua ikagusa kioo.
"Limepona?"
"Sijui."
"Utajua lini?"
Nikaukunja mpira, nikaufunga kamba.
"Jumatano."